Sura ya Nne: Kinywa Kina Maji Mangapi?

Katika miji ya Butembo na Beni, na katika vijiji vilivyotapakaa juu ya vilima vya Kivu ya Kaskazini, liko swali ambalo watu wameliuliza tangu mwaka 2018, na ambalo hata baada ya maradhi ya Ebola kuondoka, kurudi na kuondoka tena, halijapata jibu la kuwakinaisha wengi: mtu akifariki nyumbani kwake, na sababu ya kifo chake haijulikani, mbona wale wanaokuja kumzika hufungua kwanza midomo yake na kupitisha ndani kijiti chenye pamba, ilhali kila mtu ajua kwamba hospitalini hupimwa damu? Liko na swali la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu na vijana, mbele ya meza ya mwuza dawa: ikiwa tumefundishwa miaka yote hii kwamba UKIMWI hauambukizwi kwa mate, basi kile kipimo cha kujipima mwenyewe, ambacho hupitishwa juu ya ufizi, huuonaje UKIMWI mahali ambapo haupiti?

Maswali yote mawili ni ya haki, na wayaulizao si wajinga hata kidogo. Hoja yao imenyooka. Kilichopinda ni msingi ambao hoja imejengwa juu yake, nao ni dhana kwamba kinywani mna maji ya namna moja tu, na kwamba mwenye kuyachota popote kinywani amechota yale yale. Kinywani mna maji ya namna nne, kila namna ina chimbuko lake na hubeba vitu vyake, na kijiti kinachofaa kwa yale hakifai kwa haya. Habari hii si ngumu kuieleza. Laiti ingalielezwa mapema mbele ya mlango wa marehemu, kabla ya kijiti kutolewa katika karatasi yake, nadhani baadhi ya mawe ambayo timu za mazishi zilirushiwa katika miaka ile yasingalirushwa.

Maji manne na machimbuko yake

Mtu wa Butembo hahitaji kwenda mbali ili aelewe jambo hili, kwa kuwa mji wake umekaa juu ya vilima, na kila aliyetumwa maji utotoni ajua tafauti kati ya maji ya chemchemi, maji yanayovuja polepole katika ukingo wa udongo uliokatwa ili kujengwa nyumba, na maji ya mto Kimemi, ambao hupokea hayo yote pamoja na kila kitu ambacho mji umekitupa. Kinywa nacho kina chemchemi zake, mivujo yake na mto wake.

Chemchemi ni tezi za mate, yaani viungo vidogo vya nyama ambavyo kazi yake ni kutengeneza mate na kuyamimina kinywani kwa mirija myembamba. Zilizo kubwa ni jozi tatu: moja katika mashavu, mbele ya masikio, ambayo ndiyo huvimba mtoto apatapo matubwitubwi, ya pili chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Mbali na hizo ziko tezi ndogondogo, mamia kwa mamia, zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Atakaye kuziona chemchemi zikifanya kazi na asimame mbele ya kioo, ainue ulimi wake mpaka ncha iguse kaakaa, kisha adondoshee kinywani tone la marakuja, lile tunda la Lubero ambalo hata likiiva halikosi ukali; ataona chini ya ulimi, pande mbili za kano ya katikati, maji maangavu yakibubujika, na akipitisha ncha ya ulimi ndani ya shavu, mkabala wa gego la juu, atahisi kichomozo kidogo, kama kipele, ambacho ndicho mlango wa mrija wa tezi ya shavuni. Kwa siku moja tezi hizi zote hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu, na nyingi ya hizo tunazimeza bila kujua.

Maji ya namna ya pili ni machache mno hata mtu hawezi kuyaona kwa jicho. Baina ya jino na ufizi unaolizunguka upo mfuo mwembamba, na kutoka katika mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya ufizi maji huchujika, yakapenya na kutokea katika mfuo huo. Haya tutayaita maji ya ufizi. Kwa kuwa yametoka katika damu, hubeba sehemu kubwa ya vile vilivyomo katika damu, ila chembe nyekundu. Matabibu wa meno huyachukua kwa kipande cha karatasi chembamba kinachochomekwa katika mfuo kwa muda wa nusu dakika, na kinachopatikana aghalabu hakifikii tone moja.

Ya tatu ni ndugu wa hayo ya pili: ni unyevu unaochujika kutoka katika damu na kupita moja kwa moja katika utando laini uliotandazwa ndani ya mashavu. Na ya nne ni mto wenyewe, yaani mate mchanganyiko, yale ambayo mtu huyatema: ndani yake mna maji ya tezi zote, maji ya ufizi, mvujo wa utando, makapi ya chakula, bakteria wasiohesabika, ngozi iliyobambuka na chembe nyeupe za damu zilizopenya kwa maelfu kupitia kwenye mfuo wa jino.

Alama za kinga ni nini?

Mwili uliokutana na adui, awe kirusi au bakteria, huacha dalili za mkutano huo katika maji yake, na dalili hizo ndizo tuziitazo alama za kinga. Iliyo mashuhuri zaidi ni kingamwili, ambayo ni protini iliyoundwa na mwili kwa umbo linalolingana na adui mmoja maalumu, ili imshike yeye na si mwingine. Kingamwili zina aina kadhaa zilizopewa majina ya herufi, na kwa habari ya kinywa yatutosha kuzijua mbili, A na G, pamoja na M kwa kupita.

Kingamwili ya aina ya A ni mwenyeji wa chemchemi. Haitoki katika damu kuja kinywani. Hutengenezwa papo hapo na chembe zilizokaa ndani ya tezi za mate, huunganishwa mbili mbili, kisha huchukuliwa na kuvushwa katika ukuta wa tezi ikiwa imevikwa kipande cha protini kinachoihifadhi isisagwe na vimeng'enya. Kazi yake ni kumnasa adui kabla hajashika utando, ili amezwe na kwenda zake. Ni aina ile ile iliyojaa katika maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya rangi ya manjano, na mtoto mchanga huyahitaji mno kwa sababu tezi zake mwenyewe bado hazijaanza kuitoa kwa kiasi cha kutosha.

Kingamwili ya aina ya G ni mwenyeji wa damu. Hukaa humo kwa miezi na miaka baada ya ugonjwa au chanjo, na ikiingia kinywani huwa imevuja kutoka damuni, hasa kwa njia ya mfuo wa ufizi. Katika mate mchanganyiko kiasi chake ni kidogo sana, sehemu moja tu kati ya mamia kadhaa au hata elfu ya kile kilichomo katika damu. Mzee aliyeng'oka meno yote huwa na G chache zaidi katika mate yake, kwa sababu penye jino lililotoka mfuo nao umekwisha. Na mtu mwenye fizi zilizovimba na kutoka damu huwa nayo kwa wingi, kwa kuwa mlango wake umepanuka. Aina ya M nayo hutokea mapema, katika majuma ya kwanza ya ugonjwa, kisha hufifia.

Tusidhani kwamba kingamwili ndizo pekee. Mnamo mwaka 1922 daktari Alexander Fleming, yule ambaye baadaye aligundua penisilini, aliuelezea ulimwengu juu ya lisozimu, kitu kilichomo katika mate, machozi na kamasi, ambacho huvunja kuta za bakteria. Imo pia laktoferini, protini inayowanyima bakteria chuma wakihitajicho kwa kukua. Hizi hazichagui adui, humkabili yeyote. Na katika maji ya ufizi hupatikana intalukini, vijumbe ambavyo chembe za kinga hupelekeana kuarifiana kwamba pana moto. Zikizidi, tabibu wa meno hujua kwamba mfupa unaoshika jino umo hatarini, hata kama mgonjwa mwenyewe hajasikia maumivu yoyote.

Kwa ufupi, kabla hatujaendelea:

- Maji ya tezi husimulia hasa habari za A, kinga ya mlangoni.
- Maji ya ufizi na mvujo wa mashavu husimulia habari za damu, hasa G.
- Mate ya kutemwa huchanganya yote, na hubadilika kwa saa: mtu akitafuna kitu kikali mate hujaa na A ikapungua kwa kila tone, na asubuhi huwa nzito kuliko jioni.

Nimeyataja ya saa na ya kutafuna kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi watu wawili hupimwa mate kwa njia mbili, mmoja akiwa ametafuna na mwingine amekaa kimya, kisha majibu yao yakalinganishwa kana kwamba yametoka katika kikombe kimoja.

Kijiti katika kinywa cha marehemu

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, magharibi ya Beni, baada ya maabara ya taifa iliyoko Kinshasa, taasisi ambayo jina la Profesa Jean-Jacques Muyembe halitengani nayo, kupokea sampuli sita na kukuta nne kati yake zina kirusi. Maradhi yalishika Beni, yakashuka mpaka Butembo na Katwa, na hayakutangazwa kuwa yamekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, yakiwa yamewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Ulikuwa mlipuko mkubwa wa pili katika historia ya maradhi hayo, na ulitokea mahali ambapo watu walikuwa wanachinjwa usiku tangu mwaka 2014 bila ya ulimwengu kushughulika sana nao. Ndipo wakaja magari, pesa na wageni kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi hawakuwahi kuuona; na ilipofika Desemba 2018 wakazi wa Beni na Butembo wakaambiwa kwamba hawatapiga kura pamoja na taifa, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Mtu akizingatia hayo, hatastaajabu kwamba kila kitu kilichoshikwa na mikono ya "Riposte", kama walivyoiita kazi hiyo ya kupambana na Ebola, kilitazamwa kwa tuhuma, na kijiti kikiwamo.

Hebu tukitazame kwa karibu. Msiba umetokea, na timu ya mazishi imefika. Baada ya mazungumzo na wakubwa wa nyumba, ambayo huweza kuchukua nusu siku, wawili huvaa mavazi yanayowafunika mwili mzima na kuingia ndani. Kabla mfuko haujafungwa, mmoja hutenganisha midomo ya marehemu kwa vidole vilivyovikwa glovu mbili, hupitisha pamba ndani ya shavu la kulia, ndani ya shavu la kushoto na chini ya ulimi, huku akiigeuzageuza, kisha huitia katika chupa ndogo, huvunja kijiti penye alama na kufunga kifuniko. Chupa hupulizwa klorini, hutiwa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na dereva huipeleka maabara. Tendo lote ni la dakika moja au mbili. Mama aliyefiwa na mumewe, ambaye kwa mila ya kwao angekuwa ndiye wa kuuosha uso ule, amesimama nje ya mlango, na huyo ndiye anayeuliza: "Docta, mnatafuta nini mdomoni mwa baba watoto?"

Jibu la kwanza: hawatafuti kingamwili. Wanatafuta kirusi chenyewe, au kwa usahihi zaidi, maandishi ya urithi ya kirusi, ile orodha ya maagizo ambayo kila kiumbe hubeba ndani yake na ambayo haifanani na ya kiumbe kingine. Mashine iitwayo GeneXpert, ambayo hospitali nyingi zilikwisha kuijua kwa kupima kifua kikuu, huyatafuta maandishi hayo, huyanakili mara nyingi mpaka yaonekane, na kutoa jibu chini ya saa mbili. Mashine hizo ziliwekwa Beni, Butembo na kwingineko ili sampuli zisihitaji kwenda Kinshasa.

Jibu la pili ni la kwa nini kinywa. Mtu anayekufa kwa Ebola huwa amezidiwa na kirusi, kikaenea katika viungo vyake vyote na maji yake yote, mate yakiwamo, hata pamba iliyopita kinywani huzoa kiasi cha kutosha. Damu ya maiti, kwa upande wake, haitembei tena. Huganda, na kuipata kwataka sindano ndefu, ambayo ni hatari kwa anayeichoma na ni fedheha kwa wanaotazama. Kijiti hakitoboi wala hakikati. Tena hakiharakishwi na saa: katika majaribio yaliyofanywa kwa mizoga ya kima, kirusi hai kiliendelea kupatikana mpaka siku saba baada ya kifo, na maandishi yake yalionekana katika pamba ya kinywani mpaka majuma kumi. Habari hiyo ya siku saba ndiyo inayoeleza pia kwa nini mikono ya waoshaji iliangamiza nyumba nzima nzima.

Kwa mgonjwa aliye hai mambo hugeuka. Huyo hupimwa damu, kwa maana katika siku za mwanzo kirusi kiko damuni kuliko kinywani, na pamba ya mdomoni ingeweza kutoka safi ilhali mwenyewe anaugua. Hata damu yenyewe, ikichukuliwa kabla ya siku tatu tangu homa ianze, huweza kudanganya, na ndiyo maana wagonjwa wa Beni walizuiliwa wapimwe tena, jambo lililowaudhi sana, nami siwalaumu.

Na kwa nini wasitafute kingamwili katika kinywa cha marehemu? Kwa sababu wengi wanaouawa na Ebola hufa kabla mwili haujawahi kuziunda. Kipimo cha kingamwili kingemtoa marehemu huyo bila doa, na jamaa zake wangemwosha.

Kijiti juu ya ufizi

Sasa twende kwa yule kijana wa meza ya dawa. Kipimo chake ni kijiti cha plastiki chenye kipande bapa mwishoni; cha namna hiyo kilichojulikana mno, OraQuick, kilikubaliwa Marekani kwa maji ya kinywa mwaka 2004 na kwa kujipima nyumbani mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani likapendekeza watu waruhusiwe kujipima mwishoni mwa mwaka 2016, Kenya ikavizindua vipimo hivyo mwaka 2017, na Tanzania ikabadili sheria yake mwaka 2019. Kinachotafutwa hapa ni kingamwili za mtu mwenyewe dhidi ya kirusi cha UKIMWI, nazo ni za aina ya G, zilizovuja kutoka damuni kupitia ufizi na utando. Kirusi hakitafutwi, wala hakihitajiwi kuwapo.

Basi mafunzo yetu ya zamani yamesimama palepale. Kirusi cha UKIMWI katika mate ni kichache, na maji ya tezi yana vitu kadhaa vya kukizuia. Fauka ya hayo mate yana chumvi kidogo kuliko damu, kiasi ambacho chembe zinazokibeba hupasuka zikiingia humo. Damu imepeleka kinywani habari za ugonjwa bila ya kuupeleka ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo namna ya kupangusa si jambo dogo. Nimewaona watu wakikitafuna kijiti, wengine wakikitemea mate wakidhani wamekisaidia, ilhali mate ya tezi huzimua tu kile kidogo kilichovuja. Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla. Na ukiwa umepiga mswaki, ngoja nusu saa.
2. Pitisha kipande bapa juu ya ufizi wa juu mara moja, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kisha ufizi wa chini mara moja.
3. Kitumbukize katika chupa yake na ukiache kisimame.
4. Soma baada ya dakika 20, wala usisome baada ya dakika 40.

Mistari miwili humpeleka mtu hospitali kwa kipimo cha damu cha kuthibitisha, haimpi hukumu. Mstari mmoja humtoa shaka ikiwa tu miezi mitatu imepita tangu siku aliyojihatarisha, kwa kuwa mwili huchukua muda kuziunda kingamwili, na kinywa hujua baada ya damu. Naye aliyekwisha kuanza dawa za kupunguza makali hapaswi kukitumia kabisa, kwani kingamwili zake huweza kushuka hata kijiti kisizione, akajidhania amepona akaacha dawa.

Surua, na mtoto anayeogopa sindano

Uingereza imekuwa ikitumia maji ya kinywa kuthibitisha surua tangu mwaka 1994. Mzazi hupokea sifongo ndogo, humsugua mtoto baina ya ufizi na shavu, huirudisha kwa posta, na maabara hutafuta ndani yake kingamwili ya aina ya M, ambayo humaanisha kwamba ugonjwa ni wa sasa. Nalitaja jambo hili kwa sababu mwaka 2019, wakati ulimwengu ulipokuwa unaitazama Butembo kwa ajili ya Ebola, surua iliwashika watu zaidi ya 300,000 katika Kongo nzima na kuwaua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, nao hawakupata magari wala mahema. Sifongo isingaliwaponya, chanjo ndiyo iliyokosekana. Walakini katika nchi ambamo sampuli ya damu huharibika njiani kwa joto na kwa barabara, kuchukua ushahidi bila sindano ni faida ambayo haijatumiwa kwa kadiri inavyostahili.

Waliokutana na Ebola wasijue

Kuna matumizi mengine ya ufizi, nayo yametoka Sierra Leone. Baada ya mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, watafiti walizuru nyumba za watu waliopona na kuwapangusa ufizi wenyeji wote, kwa kipimo kipya kilichotengenezwa kutafuta kingamwili za aina ya G dhidi ya Ebola. Karibu waliopona wote walikuwa nazo, jambo lililoonyesha kwamba kipimo ni cha kuaminika. Kisha wakatazamwa wale waliokuwa wakiishi nao bila ya kupata kuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa: katika waliowahi kupata dalili za ugonjwa wakati ule, 12 kati ya kila 100 walikuwa na kingamwili, na katika wale ambao hawakuugua hata kidogo, kama watatu kati ya kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Mtu huweza, basi, kukutana na Ebola, akaishinda, na asijue kamwe.

Je, kazi hiyo ingeweza kufanywa Beni na Butembo? Ingeweza, lakini kwa hadhari ambayo Sierra Leone haikuhitaji kwa kiasi hicho. Katika mlipuko wa Kivu watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na chanjo iliyotumika hufundisha mwili kuunda kingamwili dhidi ya protini moja ya kirusi, ile iliyo juu ya ganda lake. Mwaka 2018 watafiti waliwafuatilia watu waliochanjwa Beni kwa kuwapima damu, na miezi sita baadaye zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa nazo. Kijiti kinachotafuta kingamwili za ganda peke yake kingewaweka kundi moja fundi wa pikipiki aliyechanjwa kwa sababu jirani yake aliugua, na mama aliyeugua mwenyewe akajificha nyumbani kwa kuiogopa Riposte. Atakaye kuwatenganisha hana budi kutafuta pia kingamwili dhidi ya protini nyingine, iliyo ndani ya kirusi, ambayo chanjo haina; aliyeugua atakuwa na zote mbili, aliyechanjwa tu atakuwa na moja.

Waliopona, ambao Butembo na Beni huwaita washindi, walizitumia kingamwili zao kwa namna ambayo haikungoja kipimo chochote. Wanawake miongoni mwao waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa katika vituo vya matibabu: waliwapakata, wakawalisha na kuwabembeleza watoto ambao mtu mwingine asingethubutu kuwagusa bila glovu. Na moja ya dawa mbili zilizodhihirika kufaulu katika majaribio yaliyofanywa papo hapo Kivu, na ambazo matokeo yake yalitangazwa Agosti 2019, ni kingamwili moja iliyonakiliwa kutoka katika damu ya mtu aliyenusurika na Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Lakini kingamwili ya G katika ufizi wa mshindi hutoa habari moja tu, kwamba mwili ulikutana na kirusi ukakijibu. Haisemi kwamba kirusi kimetoka chote. Mwezi wa Februari 2021 Ebola ilizuka tena katika eneo la Biena na Butembo, ikawapata watu 12 na kuwaua sita, na wa kwanza kujulikana alikuwa mke wa mtu aliyepona. Maandishi ya urithi ya kirusi yaliposomwa, yalikutwa ni ya ukoo ule ule wa 2018. Maji ya kupimwa kwa swali hilo hayamo kinywani kabisa. Ni manii, ambamo kirusi huweza kujificha kwa miezi mingi mwili uliobaki ukiwa safi. Na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mwanamume aliyepona ayapime kila mwezi, mpaka apate majibu mawili safi yanayofuatana.